Mpaka wa mto au mpaka wa mstari, upi bora? Tuangalie Marekani

Huu mjadala hauishi, so tuchukue mipaka miwili ya Marekani. Kusini kuna mto Rio Grande, sehemu ya mpaka na Mexico tangu mkataba wa 1848. Kaskazini, upande wa Kanada, kuna mstari wa latitudo ya 49, waliokubaliana na Uingereza (iliyotawala Kanada wakati huo) 1818 hadi milima ya Rocky, halafu 1846 wakaurefusha hadi pwani ya Pasifiki.

Kwa gharama za mwanzo mto unashinda, upo tayari na kila mtu anauona, wakati mstari ulitaka wapimaji wapite porini na vyombo vyao wakipanda alama moja moja.

Ila uhakika sasa, hapo mto unaangusha watu vibaya. Rio Grande ulihama kuelekea kusini karne ya 19, ardhi ya Chamizal iliyokuwa ya Mexico ikajikuta upande wa El Paso, mji wa Marekani, na ugomvi ukadumu karibu miaka 100 hadi mkataba wa 1963, tena ikabidi mto wenyewe ujengewe mfereji wa zege utulie.

Mstari hauhami, lakini haujali watu. Point Roberts, kipande cha Marekani kwenye ncha ya rasi ya Kanada, kimetengwa na mstari huo kutoka Marekani nyingine kwa nchi kavu, wanafunzi wakubwa wanavuka Kanada kwenda shule na kurudi, inauma kwa kweli. Na matunzo yapo, msitu unafyekwa upana wa mita 6 ili mstari uonekane.

Kama eneo lina watu wengi mimi ningesikiliza wenyeji kwanza, kama ni pori tupu mstari unatosha, na kama mto una mafuriko basi mkataba useme mapema ukihama itakuwaje.