Nilinunua mita ya kupima mawimbi ya umeme kwa sababu ya laini ya kilovolti 400, rivyu yangu hii hapa

Wakuu habari. Hii mita nimeinunua Kariakoo kwa elfu 85, ile ndogo ya mkononi yenye skrini ya kijani, ukiiwasha inalia piii kama mzani wa buchani. Duka silitaji maana waliniuzia bila betri, halafu kikaratasi cha maelezo ni Kichina kitupu, nilivyouliza nikajibiwa "bosi we washa tu". Haya.

Sababu ya kununua ni kwamba kijijini kwetu huku Morogoro tumeambiwa itapita laini kubwa ya umeme, kilovolti 400, na tangu watu wa kupima njia waje wakapaka mawe rangi nyekundu hakuna aliyelala vizuri. Kila kikao ni kansa. Mara kuku hawatataga, mara wajawazito wahamishwe, yaani hadi kuna aliyesema redio zitakuwa zinaongea zenyewe usiku. Na mi nina mitiki yangu 40 pale pale kwenye yale mawe, kwa hiyo msinichukulie kama refa, mi mchezaji kabisa na niko upande wa wanaokataa. Ila nikasema ngoja tupime tujue tunachokataa.

Nikakodi boda mpaka chini ya ile laini ya zamani ya kilovolti 220 inayotoka Kidatu kupita Morogoro kwenda Ubungo. Nimesimama katikati kabisa ya nyaya, mita ikasoma miligausi 28, hicho ni kipimo cha nguvu ya sumaku inayotoka kwenye nyaya zenye umeme. Nikarudi nyuma hatua 30, ikashuka mpaka 6. Hatua 80, haifiki hata 1. Hapa mita naipa sifa, inasoma haraka, namba haziruki ruki, na ukirudia sehemu ileile zinakaribiana. Kumbuka tu miligausi 10 ndo mikrotesla 1, maana viwango vya kimataifa wanavitaja kwa mikrotesla na hapo ndo watu wanachanganyana kwenye vikao, mmoja anasoma 28 mwingine anasoma 2.8 wanaanza kuitana waongo.

Nikarudi nyumbani nikapima kila kitu. Nyuma ya friji 14. Feni ukiisogelea 60 na kitu. Nikaenda kwa kinyozi wangu, nikaiweka mita ubavuni mwa mashine ya kunyolea ikiwa inaunguruma, skrini ikaandika 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake imezidiwa, na hii mita mwisho wake ni 1999! Kinyozi kakasirika, kaniambia nitamfukuzia wateja. Mteja aliyekuwa kwenye kiti aliniangalia kupitia kioo, nusu ya kichwa kimenyolewa, hajui amalize au aondoke.

Basi nikaenda mkutanoni kifua mbele, nikajua leo nawafundisha. Nimeongea vizuri kabisa, nikawaambia kiwango cha kimataifa kwa mtu wa kawaida ni mikrotesla 200, sisi chini ya waya tumepata 2.8. Akanyanyuka bibi mmoja nyuma huko, kakaa kwenye kanga yake muda wote hajasema neno, akauliza: mjukuu wangu, kwa kinyozi mtu anakaa dakika ngapi? Nikasema kumi. Akasema, na chini ya waya ntalala masiku mangapi? Ukumbi mzima makofi.

Na kusema ukweli bibi hajakosea, maana hiyo 200 ni kwa madhara ya papo hapo. Ya muda mrefu ni habari nyingine, IARC, wale wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2002 waliyaweka haya mawimbi kundi la 2B, yaani "huenda", kwa sababu tafiti zilionyesha watoto wanaoishi kwenye wastani wa kuanzia mikrotesla 0.3 au 0.4 hivi leukemia, saratani ya damu, ilionekana zaidi kidogo, ila kwamba mawimbi ndo yanasababisha haijathibitishwa. 0.4 ni miligausi 4. Kwa hiyo hatua 80 mi nalala bila wasiwasi, hatua 10 hapana. Mita haiwezi kukwambia hivyo, inakupa namba tu.

Sasa udhaifu wake mkubwa. Upande wa kupima uga wa umeme, yaani nguvu ya umeme yenyewe hewani na siyo ile ya sumaku, unaohesabiwa kwa volti kwa kila mita moja ya urefu, inaishia 1999, na kiwango cha kimataifa ni 5000, sa chini ya laini kubwa inaandika 1 tu basi, huna unachojua. Halafu ukiinyanyua juu ya kichwa namba inapanda, ukimpa mtu mrefu inapanda zaidi, yaani unapima na mwili wako humo humo. Kwa kazi hiyo bora tubu laiti, shika jioni chini ya waya uone inavyowaka yenyewe bila kuchomekwa popote, vijana wetu walipiga video wakaituma kijiji kizima na ile ndo ilitisha watu kuliko namba zangu zote.

Kingine, baada ya kikao kansa ikapoa na maneno ya kweli yakatoka: fidia. Mwembe wa babu unahesabiwa shilingi ngapi, makaburi je. Hapo mita ya elfu 85 imenisaidia kidogo kuliko kopi ya Kanuni za fidia za 2001 niliyotoa steshenari, mle imo posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, pango la miezi 36 kwa anayehama nyumba. Na Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema miezi sita ikipita hujalipwa inaingia riba, miaka miwili ikipita tangu Mthamini Mkuu apitishe, uthamini unarudiwa. Wengi hawakujua, walikuwa tayari kusaini.

Nyota 3 kwa 5. Saa hizi iko kwa fundi umeme wetu anatafutia nyaya zilizofukiwa ukutani, anasema kwa hilo ni nzuri sana. Betri yangu hajarudisha.