Fundi gitaa wa Kirumba: gitaa la jazi la kupimwa mwilini

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayosubiriwa. Sh milioni 2.8 kwa ufundi na mbao za hapa nchini. Ubao wa mbele, pikapu (kile kinasa mlio wa nyuzi kwa ajili ya umeme) na funguo za kukazia nyuzi niliagiza mwenyewe kutoka nje, navyo vikanila Sh milioni 1.4 nyingine pamoja na usafiri na ushuru. Kwa fedha hiyo Mwanza unapata bodaboda mpya na ya mafuta inabaki. Mume wangu hunikumbusha kila pikipiki ikipita dirishani. Gitaa limeshaonja kiangazi na mvua mikononi mwangu, na bado nasema fundi alistahili malipo yake. Malalamiko pia ninayo, nitayafikia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ijumaa usiku napiga jazi na wenzangu wawili, wa besi na wa ngoma, kwenye hoteli moja upande wa Capri Point. Ni mfupi, na vidole vyangu ni vya kushikia chaki. Shida ilianzia hapo, kwa sababu magitaa ya jazi yenye boksi lililo tupu ndani yaliundwa yawe makubwa. Kampuni ya Gibson ya Marekani walipotoa gitaa la L-5 mwaka 1922, kazi ikisimamiwa na mbunifu wao Lloyd Loar, walichonga ubao wa mbele na mgongo kwa mtindo wa fidla na kutoboa matundu mawili yenye umbo la herufi f. Upana wake ulikuwa inchi 16. Miaka ya 1930 ukafikishwa 17. Enzi hizo gitaa lilitakiwa lisikike katikati ya tarumbeta na saksafoni bila umeme, na mpiga gitaa Freddie Green alikaa na bendi ya Count Basie karibu miaka 50 akipiga hivyo hivyo. Mimi sina tarumbeta za kushindana nazo. Nina meza za watu wanaokula sato. Gitaa la inchi 17 likinikaa pajani, bega la kulia linapanda mpaka sikioni, na tukifika nusu ya usiku nakosea noti ninazozijua vizuri, mkono umechoka tu.

Mafundi wanaosema wanatengeneza magitaa hapa mjini hawakosi. Wengi ni maseremala wazuri wa samani, na sofa zao ningezinunua. Nilipita kwa mmoja nikamwonyesha picha kwenye simu. Akanitajia bei kabla sijaketi. Hakuuliza napiga nyuzi za unene gani, muziki gani, wala kama nitachomeka kwenye amplifaya au la. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Hicho ndicho kipimo changu na nakigawa bure: fundi anayekupa bei kabla ya maswali anakuuzia picha.

Huyu wa Kirumba nilielekezwa na mpiga besi wa kwaya. Kwaya za Mwanza ndizo zinazomlisha: shingo zilizopinda, madaraja (vile vipande vinavyobeba nyuzi juu ya boksi) yaliyobanduka, magitaa yaliyoangukiwa na spika. Karakana yake iko njia ya kwenda Mwaloni, kwa hiyo ukiingia unaingia na harufu ya dagaa. (Nimeshaulizwa. Hapana, gitaa halinuki.) Alikulia Ukerewe akimsaidia mjomba wake kuunda boti za mbao, baadaye akahamia samani, magitaa yakaja mwisho. Amenikataza kuweka jina lake mtandaoni, anasema simu yake ina kelele za kutosha. Ukifika Kirumba uliza fundi gitaa, utapelekwa hadi mlangoni.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba, mwalimu. Kaa kwanza, upige.”

Akanipa gitaa la akustiki lililokuwa likimsubiri mwenyewe, akavuta kigoda akakaa mbele yangu. Watu wote humwangalia mpiga gitaa mkono wa kushoto. Yeye aliangalia bega na kiwiko cha kulia. Kisha akatoa futi ya utepe akanipima kama fundi cherehani anayeshona gauni la harusi: kutoka kwapa hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo cha mkono, kiganja kikiwa kimefunguka. “Unapiga kwa gumba,” akasema. Ni kweli, nilimwiga mpiga gitaa wa jazi Wes Montgomery, ingawa nilichoambulia ni gumba tu. “Basi huzichapi nyuzi. Tunaweza kuzilaza chini, karibu na ubao wa vidole.”

Tukakubaliana upana wa inchi 15 na nusu, na kina cha sentimita 7, pungufu kwa zaidi ya sentimita moja kuliko ilivyozoeleka. Urefu wa uzi, kutoka kichwani hadi kwenye daraja, tukachukua inchi 24¾, ambao ndio wa ES-175, gitaa jingine la Gibson, la mwaka 1949, tukaacha 25½ unaopatikana kwenye L-5 za baadaye. Tofauti haifiki sentimita 2. Mkono mdogo unaijua, hasa kwenye zile kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazokutaka unyooshe vidole kuvuka freti nne, vile vyuma vinavyokatiza shingo.

Mazungumzo marefu yalikuwa ya mbao. Ubao wa mbele kwa desturi ni sprusi, mti wa nchi za baridi unaokua polepole hadi pete zake zinabanana. Ndiyo maana ni mwepesi na bado ni mkakamavu. Nilikuwa natafuta pa kupunguza gharama, nikamwuliza kuhusu paina ya Sao Hill, Mufindi. Hakubishana nami. Alileta vipande viwili, kimoja cha paina, kingine cha sprusi kilichotoka kwenye gitaa lililovunjika, akaniambia nihesabu pete kwa ukucha. Za paina zilikaa mbalimbali, kwani kule Mufindi mti unakua haraka. Akavigonga kwa kifundo cha kidole. Sprusi ikaitika na mlio ukabaki hewani kidogo. Paina ikasema du, ikanyamaza. Nikaagiza sprusi, vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka gogo moja ili viunganishwe katikati vikitazamana.

Vilivyobaki ni vya nyumbani. Shingo ni mkangazi. Mgongo na mbavu, ambavyo Wamarekani huvitengeneza kwa mepo, yeye alipendekeza mninga, kwa sababu maseremala wote wa nchi hii wanaijua: ikishakauka haina tabia ya kusinyaa na kujikunja, na kwa sisi tunaokaa pembeni ya ziwa, hilo si jambo dogo. Mbavu alizikunja kwa bomba la chuma lenye makaa ndani, akiulowesha ubao na kuubembeleza pole pole kwenye bomba, kazi aliyoanza kuizoea kwenye boti. Ubao wa vidole na daraja ni mpingo. Alikitumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji mbele yangu, kikazama moja kwa moja hadi chini. Huo ndio mti unaosafiri kwenda kuwa klarineti na oboe za orkestra za Ulaya, na vipande vidogo vinavyobaki kwa wachongaji vinatosha kabisa madaraja ya magitaa. Dai risiti tu. Kwa wanaosafiri: jamii ya mpingo iliingizwa mwaka 2017 kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini tangu mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zimeondolewa kwenye masharti hayo.

Uchongaji wa ubao wa mbele ningekaa kuuangalia mwezi mzima kama shule ingeniruhusu. Anaanza na ubao mnene, anatoa tumbo kwa patasi, anaufuata kwa randa ndogo inayoenea ndani ya kiganja. Katikati ubao unabaki kama milimita 6, ukielekea ukingoni unapungua hadi karibu nusu ya hapo. Ndani hubandikwa mihimili miwili. Ikilazwa sambamba, sauti inakuwa kali na inasukuma mbele. Ikipishana kwa umbo la X, inalainika. Nilichagua X. Mimi na tabia yangu ya ualimu nilitaka anipe jedwali la vipimo kwa kila sehemu. “Namba ni za kuanzia, mwalimu,” akasema, akaushika ubao kwa vidole viwili karibu na sikio, akaugonga, akakwangua kidogo upande wa besi, akaugonga tena. Niliusikia mlio ukishuka. Mdogo mno, lakini nimeusikia kwa masikio yangu.

Halafu mvua za vuli zikaanza na kazi ikasimama. Alikataa katakata kufunga boksi. Mbao zimevuta unyevu, zimevimba, akasema. Ukizigundisha sasa, kiangazi kikija zitasinyaa huku zimeshikwa pande zote, na ubao utapasuka katikati. Akazifungia kwenye kabati lenye balbu inayowaka, akangoja. Sababu ni ya haki kabisa, na kila mwenye mlango unaogoma kufunga msimu wa mvua ataielewa. Kutopokea simu wiki kwa wiki si haki. Ujumbe wa maneno mawili ungetosha. Nilikuwa napata habari za gitaa langu kwa yule mpiga besi wa kwaya.

Umeme ndio sehemu dhaifu ya karakana hii. Pikapu niliyonunua ni ya koili mbili, aina aliyoibuni Seth Lover akiwa Gibson mwaka 1955: koili hizo zimewekwa kinyume ili mvumo wa nyaya za umeme ujifute wenyewe. Fundi alikataa kuichimbia shimo. “Nimechonga ubao huu halafu niutoboe dirisha?” Aliining'iniza mwisho wa shingo bila kugusa ubao wa mbele, na kwa hilo namshukuru kila Ijumaa. Ila nyaya zenyewe alimpa fundi redio rafiki yake, na gitaa likarudi linavuma mtindo mmoja, halinyamazi hata ninapogusa nyuzi. Mwenye kujua ameshaelewa: waya wa ardhi haukufikishwa kwenye mkia wa chuma unaoshika nyuzi. Mtu mwingine alinirekebishia kwa muda wa kikombe cha chai. Ushauri wangu ni chukua gitaa likiwa na pikapu tu, kazi ya nyaya mpe mtu unayemwamini.

Na sauti? Bila umeme, sebuleni, kila noti inatoka mara moja, ina joto, kisha inaondoka haraka na kuacha nafasi kwa inayofuata. Ukipiga kodi unazisikia noti zote nne, kila moja na mahali pake. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Juu ya freti ya 12 uzi wa kwanza unakuwa mwembamba kidogo kuliko nilivyotaka. Kwenye amplifaya, spika ikiwa karibu, noti za chini huanza kulia zenyewe. Naziba matundu ya f kwa vipande vya sponji na kuisogeza amplifaya nyuma ya mpiga besi, ambaye hajafurahi. Boksi la ubao mzima lina tabia hiyo. Magitaa yenye mbao za tabaka, kama ES-175, yanastahimili zaidi, na kama bendi yako inapiga kwa sauti kubwa nenda huko, usimsumbue fundi.

Rafiki yangu anayepiga solo kwenye bendi ya dansi alilijaribu, akavuta sebene, akanirudishia. “Linakufa haraka.” Ni kweli kwa kazi yake. Sebene linataka uzi unaoimba mrefu na mkali, na gitaa lake la ubao mzito lisilo na boksi linampa hayo kwa robo ya bei.

Mengine kwa kifupi. Vanishi ilichukua muda mrefu kukauka na kuna tone limeganda kwenye ubavu wa chini, halionekani jukwaani ila mimi nalijua lilipo. Kiangazi cha kwanza ncha za freti zilianza kukwaruza kiganja. Alizipiga tupa bila malipo, hata sikumaliza kueleza. Gundi anayotumia ni ile nyeupe ya maseremala, nayo hulegea kwenye joto kali, kwa hiyo usiliache ndani ya gari juani stendi ya Nyegezi ukaenda kunywa supu. Kasha hatengenezi. Nyuzi bapa (zenye uso laini) namba 12, zinazofaa muziki huu, hapa mjini sijaziona. Mimi huagiza Dar es Salaam au Nairobi, na naziacha zikae mwaka mzima maana zinastahimili.

Hana mkataba wa maandishi. Nilichukua daftari la mazoezi tukaandika vipimo vyote, aina ya kila mbao na malipo: nusu mwanzoni, robo shingo ikishaungwa, robo siku ya kuchukua. Aliweka saini bila neno. Ukienda, nenda asubuhi, beba gitaa unalopiga sasa hata kama ni bovu, na beba nyuzi unazozitumia. Akikuambia njoo mwezi wa sita, maana yake boksi litafungwa mwezi wa sita. Kuchukua ni habari nyingine.