Bustani ya wanyama baada ya ukarabati: naipa nyota 4 kati ya 5

Nianze na wale wanaolalamika kwamba siku hizi hakuna cha kuona. Wanyama wapo. Wamepungua, kweli, maana aina kadhaa zimeondolewa kabisa ili waliobaki wapate nafasi, na kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika ukarabati huu.

Mtazame chui. Kizimba chake cha zamani kilikuwa nondo na zege tupu, naye alikuwa akienda na kurudi kutwa, anageukia pale pale, hadi sakafu ikasuguka mstari. Mnyama hufanya hivyo akikosa la kufanya. Sasa ana magogo ya kukwea, vichaka vya kujificha na jukwaa lililoinuliwa juu ya vichwa vyetu, kwa sababu chui hutulia akiwa yeye ndiye anayetazama chini. Nilipofika hakuonekana. Nikasubiri. Mara akashuka taratibu, akajinyoosha juu ya jiwe lililo kando kabisa ya kioo, karibu kiasi cha kumwona akichezesha sharubu. Mtunzaji akanieleza kuwa jiwe lile limewekewa waya wa joto ndani yake. Hakuna aliyemlazimisha kuja, amependa mwenyewe. Ujanja safi sana!

Kwa tembo, wengi wanashangaa mbona kumejaa mchanga kama machimbo. Tembo akikaa miaka juu ya zege, nyayo na viungo huharibika. Mchangani miguu inapumzika, anajirushia vumbi, na akitaka kulala anaegemea lundo. Nyasi kavu nazo zimetundikwa juu kwenye nyavu, kila tonge alitafute kwa mkonga badala ya kumwagiwa zote chini zikaisha mara moja. Hata hivyo bado nina shaka kama tembo ni mnyama wa kufugwa mjini. Bustani ya Detroit, Marekani, iliamua hapana: mwaka 2005 iliwapeleka tembo wake wawili kwenye hifadhi huko California.

Nondo nyingi zimetoa nafasi kwa mahandaki, yaani mitaro mipana inayomtenga mnyama na mgeni. Picha zinatoka nzuri, lakini tusidanganyane: handaki ni la kumfurahisha mgeni. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Kijerumani, alilijua hilo alipofungua bustani yake Hamburg, Ujerumani, mwaka 1907. Linakufichia kizuizi, ila eneo lote linalochimbwa ni eneo ambalo mnyama halikanyagi. Kwa simba wamelichimba pana mno, na uwanja wenyewe umebaki mwembamba.

Nyota ya tano wameipoteza kwetu sisi wageni. Vibao vya maelezo vimeng'olewa, zimebaki alama za QR za kusoma kwa simu. Asiye na bando, au aliyeishiwa chaji, anatazama mnyama asiyemjua jina. Ngazi zimegeuzwa njia za mteremko, jambo jema, kisha zikamwagiwa kokoto! Nilimsaidia mama mmoja kusukuma kiti cha magurudumu, na tulitoka jasho. Halafu watu wanagonga vioo, na hakuna anayewakataza. Mhudumu mmoja tu pale kwa chui angetosha.

Ukienda, nenda asubuhi, watunzaji wakiwa ndio wanamaliza kuficha chakula, wanyama wote wako kwenye pilikapilika za kukisaka. Kuanzia adhuhuri jua linapiga vioo vya upande wa paka wakubwa, na utakachokiona ni uso wako.