Kihariri gani cha kuburuta na kudondosha kinafaa kwenye mfumo wako?

Mfumo umeshakabidhiwa, malipo yameingia, halafu simu zinaanza: badilisha bango, sogeza kitufe cha kuagiza, weka ofa ya Idi. Dawa yake ni kumpa mteja kihariri cha kuburuta na kudondosha ndani ya mfumo huohuo, apange kurasa zake mwenyewe. Vya kulipia vipo tele, vingi kwa dola kila mwezi. Hapa nazungumzia vya programu huria, ambavyo kuvipakua ni bure na bei yake halisi ni saa za fundi wako.

Usichague kwa macho, maana kwenye maonyesho vyote vinapendeza. Uliza kwanza: mteja akibofya "hifadhi", ni nini kinaingia kwenye hifadhidata? Vingine hutoa ukurasa mzima, HTML na CSS zake, yaani msimbo wa muundo na wa mwonekano. Vingine huhifadhi orodha tu ya vipande kwa JSON, muundo wa maandishi wa kupangia data: hapa pana bango, kichwa chake "Karibu", picha yake hii. Tofauti utaiona siku kampuni ikibadilisha rangi zake. Penye orodha ya vipande, unarekebisha msimbo wa bango mara moja na kurasa zote zinafuata. Penye HTML iliyokwishaganda, kila ukurasa umebaki na bango lake la zamani, na mteja keshapaka na rangi zake juu yake.

Kwa sababu hiyo, kama mfumo wako umeandikwa kwa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, namba moja kwangu ni Puck. Kilitoka 2023, leseni yake ni MIT, leseni huria yenye masharti machache. Unaorodhesha vipande ulivyonavyo tayari, unataja sehemu ambazo mteja anaruhusiwa kujaza, na kihariri kinajiunda chenyewe kutokana na orodha hiyo. Mteja hawezi kuharibu muundo kwa sababu hajapewa kalamu ya kuuharibia. Data inabaki kwenye hifadhidata yako. Ubaya ni kwamba kuingia kwa nywila, ruhusa na mahali pa kuhifadhi ni juu yako, na matoleo ya 2025 yalikuwa bado yanaanzia na 0, kwa hiyo soma mabadiliko kabla ya kusasisha.

Kama mfumo wako ni wa PHP, Django au kitu kingine nje ya React, chukua GrapesJS wala usihangaike. Ndicho kikongwe cha kundi hili, leseni ya BSD, na kinapachikwa kwenye ukurasa wowote wenye JavaScript. Mautic, programu huria ya barua pepe za masoko, imekitumia kama kihariri chake. Kinahifadhi mradi kwa JSON, lakini JSON hiyo inaeleza elementi na mitindo moja moja, na wageni unawapelekea HTML na CSS. Uhuru wa mteja ni mkubwa mno: anaweza kubadili nafasi, fonti, kila kitu. Zima paneli ya mitindo, mwachie vipande ulivyovitengeneza wewe, utalala usingizi. Na HTML inayotoka kwa mtumiaji isafishwe kwenye seva kabla haijamfikia mgeni yeyote. Sura yake ya mwanzo imepitwa na wakati kidogo, nakiri.

Craft.js nacho ni cha React na MIT, ila hicho ni malighafi. Kinakupa injini ya kuburuta na kupanga. Paneli, vitufe na menyu unajenga mwenyewe. Kinafaa kwa kampuni ambayo kihariri chenyewe ndicho bidhaa yake. Kwa kazi ya mteja mmoja, ni kupoteza muda.

VvvebJs, leseni ya Apache, ni ya haraka kwa kurasa za Bootstrap (mkusanyiko wa mitindo ya CSS iliyo tayari), na haidai React. Nimeiweka chini kwa sababu ileile ya HTML iliyoganda.

Webstudio ni nzuri sana, pengine ndiyo yenye sura bora kuliko zote hizi, lakini ni jukwaa kamili la kujengea tovuti, siyo kitu cha kuchomeka ndani ya mfumo ulio nao. Tena ipo chini ya AGPL: ukiubadilisha msimbo na kuwapa watu huduma hiyo mtandaoni, lazima uwape watumiaji hao msimbo wako uliobadilishwa. MIT, BSD na Apache hazina sharti hilo. Ukiwa na mteja asiyetaka msimbo wake utoke nje, soma mstari huo naye kabla ya kusaini.

Jambo moja linawapata wote: mteja atabandika picha ya megabaiti 5 moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya simu, na hakuna kihariri hapa kitakachomkataza kwa hiari yake. Kupunguza ukubwa wa picha ni kazi ya seva yako, iweke kwenye bei tangu siku ya kwanza.