Mafuta ya chungwa tamu ya mililita 10: mazuri mwilini na chumbani, si kwenye mshumaa

Katika vile vichupa vya kahawia vya mafuta ya harufu yanayotolewa kwenye mimea, cha chungwa tamu huwa miongoni mwa vya bei ya chini kabisa. Sababu ni kwamba mafuta haya hukamuliwa kutoka kwenye maganda yanayobaki viwandani baada ya juisi, na Brazili ndiyo inayozalisha kwa wingi. Bei hiyo isikufanye uyadharau. Kwa mafuta ya mwili, ya midomo na spreyi ya chumba, hatujui kitu kingine kinachotoa harufu safi kiasi hiki kwa pesa kidogo. Ukiyataka kwa ajili ya mishumaa, nunua kitu kingine.

Kabla ya kulipa, soma lebo. Tafuta jina la kisayansi la chungwa tamu, Citrus sinensis (wengine huandika Citrus aurantium dulcis), njia ya kukamuliwa bila moto, na tarehe. Chupa isiyo na tarehe iache dukani, hata ikiwa imepunguzwa bei. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta haya ni limonini, na limonini ikikaa na hewa hugeuka kuwa viambata vinavyowasha ngozi na kuleta mzio. Mafuta mabichi yananukia kama ganda la chungwa ulilolikunja sasa hivi likarusha ule umande wake. Yaliyochoka yananukia tapentaini. Hayo usipake mwilini hata kidogo. Tumia kuondolea gundi ya stika kwenye mitungi ya kioo, kazi yanayoiweza sana.

Jaribio la karatasi nyeupe nalo linasaidia. Dondosha tone moja, subiri hadi kesho. Kivuli hafifu cha manjano ni cha kawaida, ila ukikuta duara la mafuta linalong'aa kama la andazi, ujue yamechanganywa na mafuta ya kupikia au mengine mazito.

Sifa kubwa ya chungwa tamu ni hii: halileti madhara ya jua. Ndugu zake ndio wenye hatari. Bergamoti iliyokamuliwa isizidi asilimia 0.4 kwenye kitu kinachobaki mwilini, ndimu iliyokamuliwa 0.7, limau 2. Ukivuka hapo kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kuacha mabaka meusi yanayodumu miezi. Ndimu iliyotolewa kwa mvuke haina tatizo hilo, kwa hiyo muulize muuzaji ni ipi anayokupa. Kwa nchi zetu zenye jua la mwaka mzima, anayeanza aanze na chungwa.

Mafuta ya mwili: gramu 99 za mafuta ya alizeti au ya nazi, gramu 1 ya chungwa. Usoni punguza iwe nusu gramu. Pima kwa mizani ndogo ya kidijitali, maana tone la chupa moja si sawa na tone la nyingine. Na usidondoshe moja kwa moja kwenye beseni la kuogea: hayayeyuki majini, yataelea na kukushika mwilini yakiwa makali vilevile.

Mafuta ya midomo, gramu 50: nta ya nyuki 12, mafuta ya nazi 20, mafuta ya nyonyo 17.5, chungwa 0.5. Mapishi mengi ya ughaibuni huweka nta 10, lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam kikopo kitakuwa uji mkobani. Yeyusha kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, epua, koroga, na chungwa liingie mwisho kabisa, mchanganyiko unapoanza kushika pembeni. Ukiliweka mapema harufu yote inaruka na mvuke. Zima jiko kwanza: mvuke wa mafuta haya unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 48 hivi.

Spreyi ya chumba: mililita 90 za spiriti ya asilimia 95, mililita 3 za chungwa, tikisa. Maji yaliyochujwa kwa mvuke, ukiyataka, ongeza mwishoni kidogo kidogo, na kioevu kikianza kufanya ukungu simama hapo, ongeza spiriti. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi tayari, ndiyo maana wengi hulalamika kwamba mafuta yanaelea juu. Usipulize karibu na chetezo chenye makaa. Mwenye paka naye apulize kwa uangalifu, wanyama hao hawayawezi mafuta ya jamii hii.

Harufu yenyewe haikai. Huja kwa nguvu na baada ya saa moja hivi imefifia. Matone machache ya mafuta ya pachuli, mmea wenye harufu nzito, huishikilia kiasi. Kwenye mshumaa, joto huimaliza haraka. Kwenye sabuni ya magadi inapotea kabla sabuni haijakomaa, isipokuwa ukitafuta chungwa lililokolezwa mara kumi, ambalo bei yake ni nyingine kabisa.

Wapo wanaoloweka maganda ya machungwa ya Muheza kwenye mafuta ya nazi wakiamini wamepata kitu kilekile. Hawajapata: harufu ni hafifu, na maji ya ganda bichi huleta kuvu. Kausha maganda mpaka yakatike kwa vidole, na hata hivyo uyahesabu kama mafuta ya nazi yenye harufu, basi.

Chupa ikishafunguliwa iweke kwenye friji, imefungwa kwa kifuniko chake. Kitonesho cha mpira kisibaki juu yake, kwani limonini huvimbisha mpira, na plastiki laini huichakaza. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo, na baada ya mwaka isiguse ngozi tena.