Tochi yangu ya dhahabu na yule mwenye duka, nyota moja

Nimekaa na hii hasira ya duka lililoniuzia tumbawe miezi sasa, leo naitoa. Mimi ni mtu wa Shimoni, pwani ya Kenya. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto nilikuwa mdogo, naenda na baba kuvua, nikayaona matumbawe yamegeuka meupe pepepe kama mifupa na sijawahi kusahau, ndio maana hata huku Uingereza kwenye baridi hii nimejitesa kuweka tangi la maji chumvi sebuleni. Sasa wanaofuga matumbawe wanaijua ile tochi ya dhahabu ya Indonesia, ni aina ya tumbawe, minyiri ya manjano inapepea chini ya taa ya buluu, na wanajua ni pesa. Nilijinyima nikanunua yenye vichwa vinne, kila kichwa na mdomo wake, kwa duka moja hapa mjini.

Wiki chache tu naamka nakuta kichwa kimoja kimejikunja, juu yake ute wa kahawia kama uji uliochacha, harufu yake Mungu anajua. Huo ute unahama kichwa hadi kichwa, ukichelewa siku mbili umezika yote. Nikakimbia dukani na picha kwa simu na maji kwenye chupa. Mwenye duka hata hiyo chupa hakuiangalia. Akaniambia mbele za watu, "Kwenu si mnayakanyaga tu haya? Hapa yanataka elimu." Walahi nilinyamaza, mkono unatetemeka. Yaani mtu ambaye matumbawe yake yanakuja kwa ndege ndani ya mfuko wa plastiki ananiambia hivyo mimi! Nyota moja, na ni nyingi.

Lakini haki ya mtu niiseme. Kuna kijana anafanya kazi pale, alinifuata mpaka mlangoni akaichukua chupa akapima. Chumvi 29 kwa elfu! Na kipimo changu cha chumvi nyumbani kinasoma 35, kama bahari, kila siku. Kumbe nilikuwa nakiseti kwa maji matupu wakati kinataka maji maalum ya 35, na kipimo chenyewe nilinunua hapohapo, aliyenielekeza kukiseti kwa maji matupu ni huyohuyo mwenye duka!! Kijana akasema usipandishe chumvi kwa siku moja utaliua, kila maji yakipungua kwa mvuke jazia ya chumvi badala ya matamu, taratibu kama wiki mbili hivi.

Nikafanya. Nikaitoa tochi nikaiweka kwenye ndoo nikanyonya ute wote kwa sirinji, vichwa viwili vilivyooza nikavikata kwa msumeno chini kabisa kwenye mfupa, vilivyobaki nikaviloweka kwenye maji ya tangi yenye iodini kama dakika kumi halafu nikaviweka chini, mwanga kidogo, mkondo wa maji mpole. Na alichoniambia ambacho sikukiamini ni kuacha kupigana na nitreti, ile inayotokana na uchafu na mabaki ya chakula majini, mpaka sifuri, ibaki 5 mpaka 10 ppm, manake tumbawe lina mwani ndani ya nyama yake unaolilisha, maji yakisafishwa kupita kiasi mwani nao unakosa chakula. Alkaliniti, ile ya maji inayolisaidia tumbawe kujenga mfupa, nikaishikilia dKH 8, isipande isishuke. Kichwa kingine kikafa bado. Kikabaki kimoja, kimesinyaa mpaka mfupa unatokeza pembeni.

Miezi nimekaa nakilisha vikamba kwa pinseti, kinapokea kinatema. Asubuhi moja nikaona midomo miwili pale palipokuwa na mmoja, nikamwita mke wangu, Mama Salma njoo uone, njoo uone kinajigawa! Machozi yalinitoka. Leo ni vichwa vitatu, na ile dhahabu imerudi.

Kwa hiyo nikasema basi duka liwe nyota tatu, kwa ajili ya kijana. Juzi nimeenda kununua chumvi nikamwonyesha mwenye duka picha. Akasema "bahati tu hiyo", halafu hapohapo akaniuliza kama nitamuuzia kichwa kimoja! Namuulizia kijana, naambiwa aliacha kazi zamani. Narudisha nyota moja. Kichwa cha kwanza nitakachokata ni cha yule kijana, kama anasoma hapa ajue namwekea.