Sanamu za Udongo za Pango la 45, Mogao: Mtazame Mzee Shingoni

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tunachambua udongo, udongo uliofinyangwa karne ya 8, na hadi sasa ukiutazama unadhani unapumua.

Picha mnayoiona ni ya Pango la 45 huko Mogao, mapango ya ibada ya Kibuddha yaliyochimbwa mwambani karibu na mji wa Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China, pembezoni mwa jangwa ambako misafara ya Njia ya Hariri ilikuwa ikipita. Ni kazi ya enzi ya Tang, ukoo wa kifalme uliotawala China wakati huo. Sanamu ziko saba: Buddha amekaa katikati, na kila upande wake wamesimama mwanafunzi wake, bodhisatva (mtakatifu wa Kibuddha anayesaidia wengine kufikia ukombozi) na mlinzi mwenye deraya.

Kwa nini udongo? Mwamba wa pale ni kokoto zilizoshikana tu, ukiuchonga unamomonyoka. Basi mafundi walisimamisha kiunzi cha mti, wakakifunga matete, wakakikandika udongo wenye mabua. Aliyewahi kukandika nyumba ya fito anaielewa kazi hiyo. Juu yake likaja tabaka la udongo laini wenye nyuzi za mimea, likasawazishwa hadi likawa kama ngozi, ndipo rangi ikapakwa.

Sasa nakuza picha. Huyu mzee ni Kasyapa, mmoja wa wale wanafunzi wawili, mtawa aliyeishi kwa kujinyima. Oneni paji lilivyokunjamana, shingo ilivyokauka, mifupa ya kifua ilivyojitokeza. Ng'ambo yake ni mwanafunzi wa pili, Ananda, binamu wa Buddha. Mashavu yamejaa, mikono ameikutanisha tumboni, nyonga imeenda upande kidogo, kama kijana anayemngoja mkubwa wake amalize mazungumzo. Na udongo ni uleule! Fundi huyu alijua umri unakaa wapi mwilini.

Bodhisatva wamepinda kama herufi S, vichwa vimeinama, na vitambaa vimelala mapajani hadi unauhisi uzito wake. Walinzi, kwangu mimi, wamezidisha makeke, wamekanyaga mashetani na kukunja nyuso. Ila bila wao utulivu wa Buddha usingeonekana hivi.

Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: udongo huu haukuchomwa tanuruni. Pumzi za wageni huongeza unyevu pangoni, chumvi iliyo ukutani inaamka, plasta na rangi zinabanduka. Ndiyo maana idadi ya wageni wa Mogao huwekewa kikomo. Ukijaliwa kufika na ukaambiwa muda umekwisha, toka bila ubishi. Lakini muda ulio nao, anza na shingo ya Kasyapa, kisha geuka polepole umtazame Ananda.